Luteni Reitz wa Mombasa: Ugavana, Jina la Mahali na Fasihi

Utangulizi
Mkazi wa Kamenu, Thika, anaposikia neno "gavana", humfikiria kiongozi wa Kaunti ya Kiambu, ambaye tangu 2013 huchaguliwa kwa kura. Huko Mombasa, mnamo 1824, cheo hicho alipewa afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Luteni John James Reitz. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba Reitz alikuwa gavana kwa jina zaidi kuliko kwa mamlaka.

Chanzo cha ugavana
Wakati huo Mombasa ilikuwa mikononi mwa Wamazrui, waliokataa kuwa chini ya Sayyid Said wa Oman. Mnamo Februari 1824, manowari za Oman zikiwa zimeuzingira mji, Nahodha William Fitzwilliam Owen aliwasili kwa meli iitwayo Leven. Alikuta bendera ya Uingereza imekwisha kupandishwa Ngomeni: Wamazrui wenyewe ndio walioipandisha, kwa kutafuta kinga.

Mapatano yaliyofuata yanadhihirisha nani aliyetaka nini. Wamazrui waliahidiwa kurudishiwa milki zao za zamani, Pemba ikiwemo, na utawala ubaki katika ukoo wao. Mapato ya forodha yangegawanywa nusu kwa nusu. Owen naye alidai biashara ya watumwa ikomeshwe. Kisha akang'oa nanga, akamwacha Reitz na watu wachache tu.

Mwisho wake
Reitz hakudumu. Alifariki Mei 1824 kwa maradhi yaliyompata katika safari ya Pangani, kabla ya kutimiza miezi minne kazini. Baadaye Luteni James Emery alishika nafasi hiyo hadi Julai 1826, Waingereza walipoondoka kwa kuwa London ilikataa kuyaidhinisha mapatano ya Owen. Wamazrui wakabaki peke yao. Mnamo 1837 Sayyid Said aliitwaa Mombasa.

Jina na fasihi
Hata hivyo, hori lililo magharibi ya kisiwa cha Mombasa lingali linaitwa Port Reitz. Jina hilo limemhifadhi mgeni wa miezi michache, likawaacha nje waliomkaribisha. Pengo hilo huzibwa na fasihi. Muyaka bin Haji, malenga wa Kimvita aliyeishi zama hizohizo, alitunga mashairi ya kuwaunga mkono Wamazrui dhidi ya Sayyid Said. Mwanafunzi asiyeijua historia hii aghalabu huyasoma kama majigambo matupu, ilhali ni sauti ya mji uliokuwa ukipigania uhuru wake.

Hitimisho
Kwa muhtasari, cheo pekee hakithibitishi mamlaka, wala jina la mahali si historia kamili. Ni wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili kuisoma ramani sambamba na ushairi.

Maswali ya mjadala
1. Linganisha maana ya "gavana" mnamo 1824 na baada ya 2013.
2. Chunguza jina moja la mahali katika eneo lako. Linamkumbuka nani, na linamsahau nani?