Transfoma Hugeuza Umeme Pande Zote Mbili: Mwongozo kwa Mafundi na Wenye Mashine

Mwongozo huu unawahusu wenye mashine za kusaga, karakana za kuchomelea, bucha na viwanda vidogo vinavyotumia umeme wa njia tatu, pamoja na mafundi wanaowafungia nyaya.

Transfoma haizalishi umeme. Hupokea nguvu upande mmoja na kuitoa upande wa pili kwa msongo mwingine. Ndani yake mna koili mbili za shaba au alumini zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma, na kwa kawaida koili hizo hazigusani. Mkondo unaobadili mwelekeo ukipita kwenye koili ya kwanza, chuma hupata usumaku unaobadilika, na usumaku huo huamsha umeme katika koili ya pili. Michael Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1831. Upande wenye mizunguko mingi hupata volti nyingi na ampea chache. Wenye mizunguko michache hupata volti chache na ampea nyingi. Umeme wa betri haubadili mwelekeo, hivyo ukiuunganisha moja kwa moja kwenye transfoma utaunguza koili bure.

Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere hupandishwa hadi kilovolti 400 kabla ya kusafirishwa kwenda Chalinze. Msongo ukipanda mara 10, mkondo unaobeba nguvu ileile hushuka hadi sehemu ya kumi, na joto linalopotea kwenye waya uleule hushuka hadi sehemu ya mia. Vituo vya kupoza umeme huushusha hatua kwa hatua hadi kilovolti 33 au 11, na transfoma ya mtaani humalizia kwa volti 400 kati ya njia na njia, au 230 kati ya njia moja na nyutro. Mashine ya kuchomelea ya aina ya zamani, ile nzito, nayo ni transfoma: hupunguza volti ili ipate ampea za kuyeyusha chuma.

Kabla ya kununua mashine mpya, uliza transfoma inayokuhudumia ni ya kVA ngapi. Ya kVA 100 hutoa takriban ampea 144 kwa kila njia, na hizo mnagawana na majirani. Mota ya mashine ya kusaga inapowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, ndiyo maana taa za mtaa hufifia. Transfoma ikielemewa mara kwa mara hupata joto, karatasi na mafuta yanayohami koili huchakaa, na siku moja shoti hutokea ndani. Fundi agawe mzigo sawasawa kwenye njia zote tatu. Kurundika kila kitu kwenye njia moja ni kuiunguza transfoma huku njia nyingine mbili zimepumzika.

Sasa jambo linaloua. Transfoma haichagui upande wa kuingizia umeme. Ukiwasha jenereta na kuichomeka kwenye soketi bila kutenganisha jengo na laini, volti zako hutoka kupitia mita, hufika kwenye transfoma na kupandishwa. Kwenye transfoma ya kilovolti 11, volti 400 hurudi kuwa 11,000, juu ya nguzo ambako fundi wa laini anaamini umeme umekatwa. Mara nyingi jenereta ndogo huzimika kwa kulemewa na mzigo wa mtaa. Lakini mwenye mashine aliyefungiwa transfoma yake peke yake hana majirani wa kuilemea, na jenereta yake inaweza kuendelea kunguruma huku mtu akishika waya. Kwa hiyo funga swichi ya chenjiova, ile isiyoweza kuunganisha vyanzo viwili kwa pamoja. Kuzima swichi kuu kwa kukumbuka tu hakutoshi, kwa maana usiku, kwenye mvua, watu husahau. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, usimpe kishoka.

Fyuzi ya nguzoni ikikatika, asipande mtu, hata kama ni fundi hodari wa nyumba. Toa taarifa TANESCO ukitaja namba iliyoandikwa kwenye nguzo au transfoma. Fanya hivyo pia ukiona mafuta yanavuja au ukisikia mlio uliobadilika.

Mafuta hayo yasikaangiwe chochote wala kupakwa kwenye kidonda. Baadhi ya transfoma za zamani zina kemikali za PCB, ambazo huhusishwa na saratani, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliweka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye kemikali hizo. Kwa macho mafuta yenye PCB hayatofautiani na mafuta mengine. Yakikumwagikia, osha kwa sabuni na maji mengi, na nguo ulizovaa zivue kabla ya kuingia nyumbani.