Siki ya Mnazi: Halali au Haramu?

Ndugu zetu wametuuliza: ikiwa siki ya mnazi hutokana na tembo, yafaaje kuliwa, ilhali Mtume (S.A.W.) aliisifu siki kuwa ni kitoweo chema? Jawabu ni hili.

Maji yagemwayo mnazini yana utamu wa sukari. Baada ya saa chache hamira ya hewani huigeuza sukari ikawa alkoholi, na povu likafura. Hapo yalevya, nayo ni haramu. Yakiachwa wazi, vijidudu vingine huitumia oksijeni ya hewa kuigeuza alkoholi kuwa asidi, ambayo ndiyo ukali wa siki. Mwanachuoni Mfaransa Louis Pasteur aliibainisha kazi ya vijidudu hivyo katika mwaka 1864.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, ulevi uliogeuka siki wenyewe ni tohara na halali. Uliotiwa kitu ili ugeuke, kama chumvi au kitunguu, si tohara. Basi mwulize muuzaji ameifanyaje.

Wala mnywaji tembo asijidanganye kwamba asili ni moja. Hukumu huandamana na sababu yake: maadamu ulevi ungalipo, uharamu upo.

Wallahu aalam.