Dondoo Muhimu: Msanii wa Majimoto mkoani Katavi, itoe kazi yako ndani

Ukiwa mbali na kumbi za maonyesho za Dar es Salaam, ni rahisi kuona kila picha haijatosha. Jaribu haya:

• Weka siku ya mwisho. Ikifika, tia saini na tarehe. Marekebisho mapya yapeleke kwenye kazi inayofuata.

• Anza na vifaa ulivyonavyo. Mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwenye hadibodi kwa rangi ya baiskeli, bila kusomea sanaa. Alifariki 1972, lakini mtindo wake unaishi hadi leo.

• Chora unachokijua. Viboko wa Hifadhi ya Katavi na mashamba ya mpunga ya Mpimbwe ni mtaji wako.

• Chagua wakosoaji wawili. Mmoja awe msanii, mwingine mnunuzi. Maoni ya kila mpita njia yatakuchosha.

• Panga bei mapema. Jumlisha vifaa, muda na usafiri.

• Linda haki yako. Hakimiliki huanza kazi inapoundwa. Hata hivyo, ipige picha na uisajili kwenye Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) upate ushahidi, kisha iuze bila hofu.