Kifafa, Dawa Zake na Homoni za Mwanamke

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo; hauletwi na pepo, wala hauambukizi. Kwa wanawake wengine huzidi zikaribiapo siku za hedhi, kwa sababu projesteroni, homoni iutulizayo ubongo, hupungua wakati huo.

Dawa nazo zina athari zake. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hulifanya ini livunje upesi homoni zilizomo katika vidonge vya uzazi wa majira, hata mwanamke akashika mimba asiyoitazamia. Valproeti yaweza kuvuruga hedhi, na kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa ghafula, maana kifafa chaweza kumrudia kwa nguvu na kumwua. Yampasa amweleze daktari dawa zote anazotumia, naye atamchagulia zinazofaa.