Mawe Hai Yanayobebana

JUMANNE

Soma 1 Petro 2:4–10. Waefeso 2:19–22 na Wagalatia 6:2. Je, mfano wa jengo unatufundisha nini kuhusu asili ya kanisa na kazi yake?

Biblia hulifananisha kanisa na mwili, kundi, shamba na bibi arusi. Petro anachagua nyumba, tena nyumba ya mawe yaliyo hai. Jiwe lililolala njiani hukwaza wapitao. Likiisha kuwekwa ukutani, hulilalia la chini yake na kulibeba la juu yake. Ndivyo alivyo mshiriki: anabebwa, naye anabeba. Wote wanapata mstari wao kutoka kwa Kristo, jiwe kuu la pembeni.

Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Waokoaji walichimba kwa nyundo na hata kwa mikono mitupu ili kuwafikia walionaswa chini ya kifusi. Msiba kama huu usitufanye waamuzi. Yesu alipozungumzia mnara wa Siloamu, alikataa kuwahesabu waliokufa kuwa wakosaji kuliko wengine. Aliwaita wasikilizaji wake watubu (Luka 13:4, 5). Basi, swali linaturudia sisi: ndugu akilemewa, sisi tuko wapi?

Jina lenyewe la Kariakoo linatukumbusha mizigo. Limetokana na maneno “Carrier Corps,” kikosi cha wapagazi Waafrika waliolibebea mizigo jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wao walikufa kwa maradhi na uchovu. Walibebeshwa, hawakuwa na wa kuwabeba. Agizo la Wagalatia 6:2 ni tofauti: tunachukuliana mizigo, kila mmoja akiwa mbebaji na mbebwaji.

Mfikirie machinga aliyebatizwa karibuni. Jumamosi wateja wanafurika, lakini yeye amefunika meza yake, amekuja kuabudu. Tunamwambia, “Bwana atatoa,” kisha tunaagana naye mlangoni. Jumatatu mwenye nyumba anadai kodi. Neno tulilomwambia ni kweli, ila Bwana hutoa pia kwa mikono ya watu wake (Yakobo 2:15, 16). Jiwe jipya likiwekwa ukutani bila kitu chini yake, litakaa kwa muda gani?

Petro anasema tumejengwa tupate kuzitangaza fadhili za Mungu (1 Petro 2:9). Jirani anayepita kati ya maduka huenda asisikie hubiri letu kamwe. Lakini ataona kama tunabebana.

Tafakari: Ni nani katika darasa lako amelipa gharama ya kuitunza Sabato? Kabla ya Sabato ijayo, ninyi mtaubebaje mzigo wake pamoja naye, bila kumwaibisha?