Kulipia Tiba ya Mazungumzo Bila Kutumia Bima

Nchini Marekani, baadhi ya wagonjwa wenye bima huamua kulipia tiba ya mazungumzo kwa fedha zao wenyewe. Sababu mojawapo ni usiri. Kwa kawaida bima hailipi mpaka mtaalamu aandike jina la ugonjwa, kwa mfano sonona, na jina hilo hubaki katika kumbukumbu za kampuni. Aliyefiwa na mzazi, mwenye majonzi lakini asiye na ugonjwa, huenda akanyimwa malipo.

Anayelipa mwenyewe ana haki mbili muhimu. Kwanza, akilipa gharama yote, anaweza kumtaka mtoa huduma asiipelekee kampuni ya bima taarifa za huduma hiyo. Mtoa huduma hulazimika kukubali, isipokuwa sheria nyingine ikidai vinginevyo. Pili, tangu Januari 2022, akiomba au akipanga miadi mapema, hustahili kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi. Ankara ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, anaweza kuipinga.

Hata hivyo, usiri huo una gharama. Tiba hii huhitaji vikao vingi, na anayeishiwa fedha njiani huweza kuikatiza kabla hajapata nafuu. Kwa hiyo, mhudumu wa afya amsaidie mgonjwa kupiga hesabu ya vikao vyote vinavyotarajiwa, si kikao cha kwanza pekee. Ikiwa fedha hazitoshi, ni heri kutumia bima na kumaliza tiba kuliko kulinda siri na kuiacha nusu.