Funga Geti Kwanza: Kijitabu cha Elimu kwa Wanaolea Mbwa Waoga kwa Muda

Kijitabu hiki kimechapishwa kwa sababu moja: mageti yanaachwa wazi.

Malalamiko yamekuwa yakifika kwenye kituo chetu cha kuokoa mbwa kutoka mitaa mbalimbali ya Dar es Salaam. Mbwa anaondoka kituoni Jumamosi akiwa amechanjwa na ana afya njema. Jumapili yuko barabarani, watoto wanamkimbiza, na simu za majirani zinaanza kuingia. Tukimuuliza mlezi, jibu huwa lile lile: geti lilifunguliwa mara moja tu, bodaboda alikuwa analeta mzigo. Mara hiyo moja inatosha.

Kwa hiyo, chini ya utaratibu mpya, hakuna mbwa mwoga atakayekabidhiwa kwa mlezi kabla ofisa wetu hajafika nyumbani na kulikagua geti, ukuta na uzio. Wapo walioudhika na kusema tunawafanya kama watuhumiwa. Kituo kinajivunia ukaguzi huu na kitaendelea nao.

MLEZI WA MUDA NI NANI

Ni mtu anayekaa na mbwa aliyeokolewa mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Dawa na chanjo ni juu ya kituo. Makazi, chakula na uvumilivu ni juu yako. Masharti mengine yako kwenye fomu: umri, ridhaa ya mwenye nyumba kama umepanga, barua ya serikali ya mtaa, na kadhalika. Yasome kabla ya kusaini, hatutayarudia hapa.

MBWA MWOGA

Watu wengi wakimwona mbwa amejikunyata nyuma ya tenki la maji husema, "Maskini, huyu alipigwa sana." Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine. Mtoto wa mbwa hujifunza kuuzoea ulimwengu kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi ya maisha yake. Aliyezaliwa jalalani au kwenye pagala, asishikwe na mkono wa mtu katika wiki hizo, hukua akimwona kila binadamu kuwa hatari, hata kama hakuwahi kupigwa fimbo moja. Huruma nyingi haitamponya kwa siku moja. Kumkumbatia ndiyo kabisa, humzidishia hofu.

Jifunze kumsoma. Mkia ulioingizwa katikati ya miguu kila mtu anaujua. Ila zipo dalili ndogo zinazopuuzwa: analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi, anageuza kichwa pembeni huku jicho likibaki kwako na weupe wake ukionekana, au anaganda kama kigogo. Anayeganda hajatulia, na hajakubali kushikwa. Anayenguruma anakuonya, naye anastahili shukrani. Usimpige kwa kunguruma, maana ukimfundisha kunyamaza atauma bila kuonya.

SIKU ZA MWANZO

Mpe chumba kimoja au kona moja iliyofungwa, yenye kivuli, maji na mahali pa kujificha. Usimwogeshe hata kama ananuka. Usiite ndugu na marafiki waje kumwona. Keti chini kwa ubavu, usimkodolee macho, usimwinamie, na usianze kwa kumgusa kichwani. Mtupie kipande cha ini au dagaa, kisha endelea na shughuli zako. Asipokula siku ya kwanza usishangae; akikataa hata maji, au akifikisha siku ya pili bila kula, piga simu kituoni.

Waokoaji wengi wana kipimo chao cha siku 3, wiki 3 na miezi 3: siku 3 za kutetemeka, wiki 3 za kuzoea ratiba ya nyumba, miezi 3 ya kuanza kujiona yuko kwao. Ni makadirio tu. Wapo wanaochukua mwaka.

Sasa geti. Mbwa mwoga hatoroki kwa sababu hakupendi. Anatoroka kwa sababu honi imelia, sufuria limeanguka, fataki zimepigwa, na akili yake yote inamwambia kitu kimoja: kimbia. Kwa hiyo:

Mbwa asiwe uani wakati geti linafunguliwa. Afungiwe ndani kwanza, ndipo geti lifunguliwe. Hata akiwa ametulia. Hata ukiwa na haraka.

Akitoka kwenda haja, hata ndani ya ua wako, avae kamba mbili: moja kwenye mkanda wa shingoni, nyingine kwenye mkanda wa kifuani. Mbwa aliyeshtuka hurudi kinyumenyume na kuuvua mkanda wa shingoni kwa sekunde chache. Kamba ya pili ndiyo itakayomwokoa.

Mwambie kila anayeshika komeo: mlinzi, dada wa kazi, watoto, shemeji aliyekuja kusalimia. Walezi huyasikiliza maelezo yetu kwa makini, wakifika nyumbani hawamwambii mlinzi. Safari hii ofisa wetu atazungumza na mlinzi mwenyewe.

ONYO: FUNGA MBWA NDANI KWANZA, FUNGUA GETI BAADAYE.

AKITOROKA

Usimfukuze. Usiwape vijana wa mtaa pesa wamkamate. Ukimzungushia watu kumi, atavuka barabara kuu bila kuangalia. Usitegemee jina lake pia, maana mbwa aliyeingiwa na hofu anaweza kumkimbia hata anayemlisha kila siku. Piga simu kituoni saa hiyo hiyo, siyo kesho yake baada ya kuona aibu. Acha chakula na nguo uliyoivaa pale alipotokea, kisha waombe majirani wakuambie wamemwona wapi, wasimsogelee. Mtaa ukinyamaza usiku, wengi hurudi kunusa walikotoka. Tutaleta mtego wa chakula.

AKIUMA MTU

Hapa hatubembelezi mtu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni kifo karibu kila mara, na karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani waliumwa na mbwa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake pilipili, tumbaku, mafuta ya taa wala dawa ya mganga. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo, hata kama mbwa ana kadi ya chanjo.

Wala usimuue mbwa. Anatakiwa kufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, daktari anaweza kumsimamishia majeruhi sindano za chanjo ya kichaa zilizobaki. Lakini mbwa aliyetoroka haangaliwi na mtu. Majeruhi atalazimika kumaliza dozi zote, akihangaikia nauli na sindano, kwa sababu ya geti lako.

Hata mbwa asipouma, mheshimu jirani ambaye mate ya mbwa yanamharibia twahara yake. Kumzuia mbwa asimguse mtu anayekwenda msikitini ni wajibu wa mlezi, siyo wa anayepita njia.

KUMPATIA NYUMBA YA KUDUMU

Wanaokuja kuomba mbwa wengi wanataka mlinzi. Watamwona wako, mkubwa, mweusi, na watasema anafaa. Hafai. Mbwa mwoga akifungwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa usiku halindi; anajificha, au anamng'ata mtoto wa nyumba aliyetoka kwenda chooni. Mweleze mwombaji ukweli wote: kwamba anaogopa wanaume wenye kofia, kwamba hukojoa akisikia radi, kwamba hajawahi kupanda gari bila kutapika. Atakayekimbia kwa kusikia hayo, mwache akimbie. Usimpambe mbwa ili apendwe haraka.

Mwombaji aje amtembelee zaidi ya mara moja, akae, amlishe kwa mkono wake. Akiwa na mbwa mwingine, wakutane kwanza nje ya ua, mahali ambapo si pa mbwa yeyote kati yao. Asipewe kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mtu asiyejua. Na asitoke mikononi mwako bila kufungwa kizazi na bila kadi ya chanjo ya kichaa, ambayo hurudiwa kila mwaka. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, chanjo hutolewa bure sehemu nyingi. Mkumbushe mmiliki mpya aulize kwa afisa mifugo wa kata yake.

Halafu ipo hatari ambayo walezi wazuri ndio huisahau. Kwako mbwa amebadilika. Anatikisa mkia, analala miguuni pako, geti likifunguliwa hainui hata kichwa. Unamkabidhi kwa familia mpya na kusema, "Huyu hana tatizo." Usiku ule anaruka ukuta. Ujasiri ule alikuwa nao nyumbani kwako, kwa watu wako na harufu zako. Kwenye nyumba ngeni anaanza upya, na safari hii hakuna anayemtarajia kutoroka. Kamba mbili zirudi. Chumba kimoja kirudi. Geti la mmiliki mpya litakaguliwa kama lilivyokaguliwa la kwako, kisha ofisa wetu atapita tena baada ya wiki ya kwanza.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na kituo hakitasita kuitumia kwa anayemtelekeza mbwa barabarani kisha akaripoti kuwa ametoroka. Kama umeshindwa kumlea, mrudishe kituoni. Hutaulizwa kwa ukali.

Fomu zinatolewa bure. Mwombaji atakayekataa ukaguzi wa geti hatapewa mbwa, hata kama ni rafiki wa kituo wa miaka mingi.